Meli ya Jumatano

Aarhus, Ijumaa, 30 Mei 1986

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, magoti hayakusumbui sana na kondoo wamezaa salama. Mimi sijambo kidogo. Naandika nimelala chali, kwa hiyo mwandiko usiucheke.

Najua Sanna wa posta ameshakupa habari. Lakini Sanna ana haraka ya kusema, na wewe kwenye simu husikii kitu tangu injini za meli kule Greenland zikuharibu masikio, kwa hiyo nakueleza mwenyewe. Jumanne nilifanyiwa upasuaji. Mtoto ni wa kiume, amekuja karibu miezi mitatu kabla ya siku zake, kilo moja na gramu mia moja. Yule mwanakondoo dhaifu wa pacha unayemlaza jikoni karibu na jiko ni jitu mbele ya mwanangu. Yumo ndani ya kisanduku cha kioo na mashine inampumulia. Naruhusiwa kumshika kwa kidole kimoja kupitia tundu. Torben anasema kidole changu ni kinene kuliko mkono wa mtoto, na safari hii mume wangu hatii chumvi.

Baba, nina ombi. Mchungaji wa hospitali amekuja kuniona. Ni mtu mwema, ana ndevu na viatu vya mpira. Alisema watoto wa namna hii ni vizuri wabatizwe mapema. Nikamwambia baba yangu ni msomaji wa kanisa huko kwetu visiwani, miaka ishirini na tisa ndiye anayesoma mahubiri Jumapili ambazo mchungaji hakuja, na mwanangu atabatizwa na babu yake. Hakuona vibaya. Alisema kwenye dharura Mkristo yeyote anaweza kubatiza.

Hukuja kwenye harusi yetu kwa sababu ilifungwa ofisini badala ya kanisani. Mimi nami sikukuandikia mwaka mzima kwa sababu hiyo hiyo. Basi ngoma droo. Sasa njoo.

Jina silitaji kabla ya ubatizo, unajua mila yetu. Wauguzi wanamwita Mdogo tu, ingawa katika chumba kile wote ni wadogo.

Mwanao,
Turið


Elduvík, Alhamisi, 5 Juni 1986

Mwanangu Turið,

Marahaba, mama. Barua yako ilifika jana. Niliisoma mara mbili nimesimama, mara ya tatu nikakaa. Mimi mzima, magoti ni yale yale, wanakondoo ni ishirini na sita na mmoja amekufa. Nakuombea upone kidonda, na huyo mdogo namwombea kila ninapokumbuka, yaani muda wote.

Kuhusu harusi, nilikosa. Nimesema, tusilirudie.

Nakuja. Nakiri naogopa. Miaka yote hii nimesoma maneno yaliyoandikwa na watu wengine, na kwa mkono wangu sijawahi kufanya lolote kanisani isipokuwa kuwasha mishumaa na kuandika kwenye kitabu cha waliobatizwa na waliozikwa. Lakini umeniomba mimi. Nimepata nafasi kwenye ndege ya Jumamosi. Jirani yetu Mortan anasafiri siku hiyo hiyo kwenda Copenhagen kununua injini ya mashua, kwa hiyo nitakuwa na mtu wa kunipigia kelele sikioni njia nzima.

Nachukua miguu miwili ya kondoo iliyokaushwa na upepo, ile ya msimu uliopita ambayo imekolea. Mmoja ni wenu. Mwingine ni wa muuguzi anayemwangalia mtoto. Waambie wamtunze mpaka Jumamosi jioni. Mwambie na mtoto mwenyewe kwamba nimeahidi.

Baba yako,
Dánjal


Aarhus, Jumanne, 10 Juni 1986

Baba,

Shikamoo. Barua yako imenifikia leo asubuhi, wewe mwenyewe bado. Nilimpigia Sanna. Anasema tangu Jumamosi uko ng'ambo kisiwani Vágar, uwanja wa ndege, na ukungu haujainuka hata mara moja. Barua hii sijui naiandikia nani, maana itafika Elduvík wakati wewe uko hapa. Naandika kwa kuwa mikono yangu haina kazi nyingine.

Mdogo ana ugonjwa kwenye mapafu. Umeanza Jumapili. Bodil, muuguzi wake, anakuja hata siku zake za mapumziko, na mtu akija siku yake ya mapumziko huhitaji kuambiwa zaidi. Mimi mwenyewe nina homa, kidonda hakijakaa vizuri, wananisukuma kwa kiti cha magurudumu kwenda kumwona. Nakaa pale natazama kifua chake kikipanda na kushuka. Hakipandi kwa nguvu zake. Nashindwa hata kumvalisha soksi.

Mchungaji alikuja tena leo. Nikamwambia bado, baba yangu yuko njiani, ni ukungu tu. Aliniuliza ukungu wa huko kwetu huchukua muda gani. Nikamwambia labda kesho. Torben alinitazama.

Ruka, Baba. Ukungu ukipasuka hata dakika kumi, ruka.

Mwanao,
Turið


Melini, Alhamisi, 12 Juni 1986

Mwanangu,

Salamu kutoka baharini. Natumaini homa haijakushika, na mdogo anakula hicho wanachompa kwa mrija. Mimi mzima wa mwili. Barua hii nitakupa mkononi kesho, maana najijua, nikifika maneno yatanikauka.

Nikueleze upumbavu wangu. Siku nne tulikaa Vágar na hatukuuona hata mkia wa ndege. Asubuhi walisema labda mchana, mchana wakasema labda jioni. Kahawa yao niliinywa mpaka tumbo likagoma. Jumanne jioni nikaanza kuwaza kama tunavyowaza sote huku: ndege ndiyo inayosubiri ukungu, meli haisubiri. Meli ya kwenda Denmark inaondoka Jumatano, Ijumaa asubuhi iko Hanstholm, na kutoka hapo mpaka Aarhus ni saa tatu kwa gari. Nikaona afadhali safari ninayoijua mwisho wake. Mortan alinishika mkono akasema, "Dánjal, subiri usiku mmoja tu." Nikamwambia yeye asubiri mpaka tuvune majani ya ng'ombe. Nikarudi na gari langu mpaka Tórshavn, nikapanda nalo melini.

Jana saa sita mchana tuling'oa nanga. Tulikuwa hatujakimaliza kisiwa cha Nólsoy jua likatoka. Halikuchungulia tu, lilitoka lote, mpaka watu wakavua makoti. Saa nane abiria wote wakainua vichwa, nami nikainua. Ndege ilikuwa inapita juu yetu kuelekea kusini, nyeupe, na Mortan ndani yake. Saa kumi na moja yeye alikuwa Copenhagen anakunywa kahawa. Mimi nilikuwa hapa nikitazama maji.

Nimefanya kazi baharini miaka thelathini na moja na sijaona meli inayokwenda polepole kama hii. Hallur, niliyekuwa naye Greenland, ni fundi wa pili wa injini humu. Nilimfuata nikamwomba aongeze mwendo kidogo. Akanitazama kwa huruma. Hata mimi, mtu angekuja kuniomba hivyo kazini kwangu, ningemtazama vile vile.

Leo siku nzima jua linawaka na bahari imelala. Hakuna ninachoweza kukisukuma wala kukivuta. Nimekariri maneno ya ubatizo mpaka mama mmoja aliyekaa karibu nami akahama. Subirini. Kesho kabla ya saa sita mchana nitakuwa mlangoni.

Baba yako,
Dánjal


Melini, Jumapili, 22 Juni 1986

Mwanangu Turið,

Salamu nyingi kwako na kwa Torben. Natumaini homa imeshuka na madaktari watakuruhusu utoke kitandani wiki hii. Uliniambia nisikufiche chochote cha safari, nikuandikie yote, kwa kuwa wewe hukuruhusiwa kuja. Basi naandika.

Jana tuliondoka Aarhus saa tatu asubuhi, mimi na Ísakur. Torben alimweka kiti cha nyuma na kufunga mkanda juu ya jeneza, kisha akaufungua akaufunga upya, mara tatu. Mwambie ni fundi hodari. Nimezikagua pembe zote za jeneza alilolitengeneza na zote zimekutana sawasawa. Pale nilishindwa kumwambia.

Niliendesha polepole. Baada ya Viborg watu walikuwa wananipita huku wakiniwashia taa, na nadhani walipiga honi pia, lakini honi kwangu ni bure. Nilimweleza mtoto njia. Nikamwambia hapa ni mashamba ya nafaka ya rai, hapa ni nguruwe, usivute pumzi. Nilijiona mjinga, nikaendelea. Ijumaa ile nyingine nilipoipita barabara hiyo hiyo nakuja kwenu nilikuwa nakimbia, sikuona hata shamba moja. Nilikuja nikakuta kile kisanduku cha kioo kimeoshwa na kimewekwa karatasi mpya, nawe ukanishika kichwa ukanisemesha karibu na uso ili nione midomo: amefariki jana mchana, lakini Bodil alimbatiza, anaitwa Ísakur kama babu wa marehemu mama. Nilikusikia vizuri.

Bandarini askari wa forodha alisoma karatasi, akavua kofia, akanipitisha mbele ya foleni yote. Hapo ndipo nililia, nisamehe. Nilikuwa sijalia mbele yako.

Sasa shida ni hii. Magari yote yako chini, na sheria ya meli inasema ikishaondoka, abiria wote wapande juu, chini asibaki mtu. Binti mmoja wa meli alinikuta nimekaa garini akaniambia nitoke. Nikamweleza. Macho yakamjaa machozi, lakini akasema hawezi, sheria ni ya usalama. Ana haki. Mimi mwenyewe niliwahi kumfukuza mtu chini kwa sababu hiyo hiyo. Maisha yangu yote nimeyapitisha chini melini, kwenye injini, na leo ndipo nafukuzwa huko. Amelala peke yake kati ya lori la samaki na gari la Wajerumani lenye mahema juu, na mimi niko dirishani nimepewa supu.

Kesho tutafika nyumbani.

Baba yako,
Dánjal


Elduvík, Alhamisi, 26 Juni 1986

Mwanangu,

Hujambo? Na Torben hajambo? Huku hatujambo, tumemaliza.

Tulimzika jana, kando ya mama yako, upande unaotazama mto. Kijiji chote kilikuja, na watu wa kijiji cha jirani. Jeneza lile mtu mmoja angelibeba kwapani, lakini unajua kwetu wanaume hupokezana, hakuna anayebeba peke yake. Kwa hiyo tukapokezana. Kila mmoja hatua nne tano, kisha anampa mwenzake. Mortan alipopokea hakuweza kunitazama usoni. Nilimwambia baadaye kwamba ndege haikuwa yake.

Mchungaji alikuwa na mazishi mengine mchana, akasoma akaondoka haraka. Kabla ya kuanza aliniuliza kama mtoto alibatizwa. Nikajibu ndiyo. Nimeandika kitabuni, kama ninavyoandika wote.

Barua yako ya tarehe kumi niliikuta mezani. Nimeisoma.

Ukipata nguvu niandikie hata mistari miwili.

Baba yako,
Dánjal


Elduvík, Ijumaa, 18 Julai 1986

Mwanangu Turið,

Salamu. Hii ni ya nne tangu nifike na sijapata jibu, ila najua posta ni posta. Sanna anasema ulipiga simu kwake wiki iliyopita, ukauliza kama mimi mzima, ukakata. Mimi mzima. Tumeshakata manyoya ya kondoo. Nimepanda nyasi juu ya kaburi na zimeshika.

Kama umenikasirikia kwa sababu ya meli, kasirika, una haki. Lakini kasirika kwa maandishi, nijue uko hai.

Baba yako


Aarhus, Jumapili, 3 Agosti 1986

Baba,

Shikamoo. Niko hai. Homa imekwisha, kidonda kimefunga, wiki iliyopita nilirudi kazini nusu siku. Nisamehe kwa kukunyamazia. Barua zako zote ninazo, na kila nikianza kujibu nafika pale uliposema umeandika kitabuni, nashindwa kuendelea.

Ndiyo, nilikukasirikia. Nilimwambia Torben, mzee mzima ana nafasi kwenye ndege anakwenda kupanda meli. Nilisema mambo mengine pia ambayo siyaandiki. Lakini siyo hayo yaliyonifunga mdomo.

Baba, Bodil hakumbatiza. Hakuna aliyembatiza.

Alhamisi ile mchungaji alikuja asubuhi, akaja saa sita, akaja saa nane. Mara zote tatu nilimwambia asubiri, baba yangu yuko baharini, kesho anafika. Bodil alinipigia magoti kabisa. Alisema, "Turið, ni maji kidogo tu, nitafanya mimi, babu atakuja kurudia." Nikasema hapana. Nilikuwa nimekuahidi wewe, na nilidhani nikikubali watambatiza, basi nitakuwa nimekubali na hilo lingine. Nilidhani nikikataa hawezi kwenda. Saa tisa mashine ikaanza kulia. Ulikuwa umeahidi, nami nilikuwa nimemwambia Mdogo kwamba umeahidi.

Ijumaa ulipoingia mlangoni na mguu wa kondoo kila kwapa, nilikuona uso unauliza kabla hujasema. Sikuweza kukuambia ukweli. Nilikuwa nimeshamwomba Bodil aseme ni yeye. Sasa umemzika kwa neno langu na umeandika uongo wangu kwenye kitabu cha kanisa, wewe ambaye kitabuni hata wino hudondoshi. Ufute. Au usiufute, sijui. Mwambie mchungaji nimedanganya mimi.

Sijui nikuombe nini tena.

Mwanao,
Turið


Elduvík, Jumatatu, 11 Agosti 1986

Mwanangu Turið,

Marahaba, mama. Nashukuru Mungu umepona. Nimefurahi hata kuuona mwandiko wako.

Nilijua. Jumatatu ile nikiwa bado kwenu nilimpelekea Bodil mguu wake wa kondoo, nikamshukuru kwa alichomfanyia mjukuu wangu. Akakataa kuupokea. Nilidhani harufu imemshinda, kama inavyowashinda Wadenmaki wengi. Akaanza kulia, akanisemesha taratibu ili nimwone midomo, akasema hastahili shukrani hiyo. Nikamwambia nyama achukue, kwa kuwa alipiga magoti. Kwako sikusema kitu. Ulikuwa na homa, na uongo ule ulikuwa umenitungia mimi, ndicho kitu pekee ulichobaki nacho cha kunipa. Nikaupokea.

Usiseme ulikosea kwa kusubiri. Ulisubiri kwa kuwa niliahidi, na nilichelewa kwa kuwa nilijifanya naujua ukungu. Nusu yako ya kosa ningeichukua niunganishe na yangu, lakini najua hutaitoa. Basi kila mtu na yake.

Sasa kuna jambo ambalo mimi nilikuficha. Jumapili ile melini, nilipokwisha kukuandikia, Hallur alinijia. Alikuwa amesikia. Akaniambia, "Mzee, twende, una robo saa," akanishusha kwa ngazi ya mafundi. Njiani akanipa kikombe chake cha kahawa, amekiosha, kina maji. Sijui alijuaje. Labda nilikuwa nimemwambia nilipokuwa ninakuja kwenu, siku ile nilipomwomba aongeze mwendo. Akasimama mlangoni akanipa mgongo.

Ninajua kanisa linasema nini, Turið. Mimi ndiye ninayewasomea watu maneno yake. Wafu hawabatizwi. Nilifungua mlango wa nyuma wa gari nikapiga magoti juu ya chuma. Jeneza sikulifungua. Niliweka maji kwa vidole kwenye kifuniko, upande wa kichwa, mara tatu, nikamwita Ísakur, nikasema yote mpaka mwisho. Nilikuwa nasema kwa nguvu, nadhani, kwa sababu koo liliniuma siku mbili. Uliniomba nimbatize. Sikuwa na kingine cha kukupa.

Kitabuni sikuandika jina la Bodil. Niliandika hivi: Ísakur, mwana wa Turið na Torben. Amezaliwa 27 Mei. Amefariki 12 Juni. Amebatizwa 22 Juni, baharini, na babu yake Dánjal.

Jana mchungaji alikuja kwa ibada, na baada ya ibada akakaa kukagua kitabu, kama afanyavyo kila kiangazi. Alisoma mstari ule. Akarudi akausoma tena, kidole kikitoka kwenye tarehe moja kwenda nyingine. Nilikuwa nimesimama mbele yake, sina la kufanya, kitabu si changu. Kisha akaniomba kalamu, akatia sahihi yake chini ya jina langu.

Baba yako,
Dánjal